Dagaa wa Kigoma kwa mifupa ya mama

Kwa miezi mitatu nimemnunulia mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, dagaa wa Kigoma katika duka dogo la Kariakoo, baada ya daktari kumweleza kwamba mifupa yake imeanza kudhoofika. Ni wakavu, wanang'aa kama fedha, na kwa kuwa huliwa wazima pamoja na miiba, humpatia kalsiamu nyingi kuliko minofu ya samaki mkubwa. Mwanamke aliyevuka miaka 50 hushauriwa kupata takriban miligramu 1,200 kwa siku. Mfuko mmoja ulikuwa na mchanga, jambo lililoniudhi sana. Hata hivyo nitaendelea kuwanunua, huku mama akipanda ngazi kila asubuhi, maana mfupa usiobebeshwa uzito hupungua nguvu hata kwa anayekula vizuri.