Uzoefu wangu: kutia injini ya 1KZ-TE kwenye Prado LJ78 iliyokwenda kilomita 412,000

Gari yangu ni Toyota Land Cruiser Prado LJ78, na kwa miaka kumi na moja imenibebea magunia ya karafuu kutoka mashamba ya ndani ya Wete hadi Chake Chake. Mita yake ilikuwa imepita kilomita 412,000 pale silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ya injini yake ya asili, 2L-TE ya ujazo wa CC 2446, ilipopasuka kwa mara ya pili. Mafundi waliozoea kuzifungua injini za aina hiyo wanaujua ugonjwa huo: zikichemka, hedi haistahimili. Vilima vya Pemba navyo ni vifupi lakini vikali, gari iliyopakia huvipanda kwa gia nzito na mwendo wa polepole, na kwa mwendo huo upepo unaoingia kwenye rejeta, kile kipozea maji ya injini, ni mdogo mno. Bodi na chesisi vilikuwa bado vizima, kwa hiyo niliamua kubadilisha injini badala ya kuuza gari.

Wapo walionishauri nitie 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye CC 4164, kwa kuwa ndiyo iliyojijengea jina la kutokufa. Nilikataa, na hata leo ningekataa. Injini hiyo ni ndefu na nzito, na Prado hii ina springi za koili mbele na nyuma, si majani ya chuma kama Land Cruiser za kazi, hivyo kuilazimisha mle ndani kungeniletea kazi ya kukata na kuchomelea isiyokwisha. Nilichagua 1KZ-TE ya CC 2982 kwa sababu kiwanda chenyewe kilianza kuitia kwenye bodi hii mwaka 1993, gari ikaitwa KZJ78. Nilichokuwa nikikitafuta hasa ni nguvu ya mzunguko wa chini, yaani ya kuvuta mzigo injini ikizunguka polepole, na urefu wa safari ya pistoni ndio unaoisaidia: pistoni ya 2L-TE husafiri milimita 92, ile ya 1KZ-TE husafiri milimita 103.

Injini iliyotumika niliinunua Unguja pamoja na gia boksi yake, ikavushwa kwa meli hadi Mkoani. Pampu yake ya dizeli huongozwa kwa kompyuta, kwa hiyo nilimwambia muuzaji waziwazi kwamba sitoi fedha mpaka nione kompyuta na wayaringi, yaani nyaya zake zote za umeme, mzima usiokatwa hata pahala pamoja. Sharti hilo liliniokoa na tabu nyingi. Soketi zote zilisafishwa na kukaushwa kabla ya kuunganishwa, maana hewa yetu ya chumvi huila shaba taratibu, na hitilafu yake hujitokeza baada ya miezi mingi, wakati hakuna tena anayekumbuka chanzo.

Gereji ya kwanza niliyoikabidhi kazi, ambayo sitaitaja, iliimaliza kwa siku tisa. Maunti, vile vishikizo vya injini, zilikaa vizuri na gia ziliingia bila kugoma. Lakini waliirudisha rejeta ya zamani bila kuniuliza, wakaiacha feni bila ile kava ya plastiki inayoizunguka. Safari ya kwanza yenye mzigo, kabla sijafika juu ya kilima cha pili, mshale wa joto ulivuka nusu. Nilizima papo hapo, na nashukuru nilizima, kwa sababu hedi ya 1KZ-TE ni ya aluminiamu, nayo pia ikichemka hupasuka. Niliumia sana, kwani walichokipuuza, kuipoza injini, ndicho kilichonifanya niibadilishe.

Gari ilivutwa hadi kwa fundi mzee wa Wete, ambaye aliitazama kwa muda kisha akaniambia, "Mwanangu, usiiwashe tena mpaka tupate rejeta ya mashine hii." Alieleza kwamba injini inayochoma dizeli zaidi hutoa joto zaidi, na kwamba feni isiyo na kava huzungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta. Tulisubiri wiki tatu rejeta ya KZJ78 ifike. Alipoifunga aliiegesha gari pua ikiwa juu ya mteremko, akajaza kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, kidogo kidogo huku injini ikizunguka, mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Maji ya kisima aliyakataa kabisa, na nikamwelewa: chumvi iliyomo huila aluminiamu.

Tangu hapo nimekwenda kilomita 16,000, ikiwamo masika moja nzima, na mshale haujavuka nusu. Vilima nilivyovipanda kwa gia ya kwanza sasa navipanda kwa ya pili nikiwa na magunia yale yale. Dizeli imeongezeka: nilikuwa napata kilomita tisa kwa lita, sasa nane. Breki nililazimika kuzitengeneza upya, kwani gari inafika chini ya mteremko kwa kasi zaidi kuliko ilivyozoea. Kadi ya gari pia inabidi ibadilishwe, kwa kuwa namba ya injini na ujazo wake si vile tena, na risiti ya mauziano ndiyo itakayokusaidia hapo.

Kazi ya gereji ya kwanza siipendekezi kwa mtu. Injini yenyewe naipendekeza kwa moyo mmoja kwa mwenye LJ78, mradi rejeta inunuliwe siku ile ile inaponunuliwa injini. Mkanda wa taimingi, unaoendesha vali ziende sawa na pistoni, nao usiuamini ule uliokuja na injini, kwani ukikatika vali hugonga pistoni. Wangu ulibadilishwa injini ikiwa bado chini, na kilomita za siku hiyo zimeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kava, ili atakayeifungua baada yangu ajue ni lini zinatimia 100,000 za kuubadilisha tena.