Kontra ya kukagua mchwa Lubumbashi: hesabu dakika, hesabu lita

Ukimwita mpuliza dawa hapa Lubumbashi, mara nyingi atafika na pompi ya mgongoni ya lita 16, atazunguka nyumba kwa nusu saa akinyunyizia kuta mpaka harufu imfikie jirani, atapokea pesa yake na kwenda. Huduma ya pili haina kelele nyingi: kontra (mkataba) ya mwaka, ukaguzi mara mbili, mchoro wa nyumba kwenye karatasi, na dawa pale tu inapohitajika. Tunayoipima hapa ni hii ya pili. Kwa nyumba ya kawaida ya mji huu tunaipa alama nne kwa tano. Alama ya tano tumeizuia kwa sababu ya plafoni, yaani dari, na tutafika huko.

Kwanza, kwa nini mtu alipe kabisa. Mji umejengwa juu ya ardhi ya miombo. Ukielekea Kasapa au Kipushi unaona vichuguu vya mchwa wakubwa wa aina ya Macrotermes falciger vinavyofika mita 5 kwenda juu na mita 14 au 15 kwa upana wa chini. Mji unapopanuka, vichuguu hivyo vinasawazishwa, udongo wake unafyatuliwa matofali, na nyumba inasimama palepale. Lakini kusawazisha kichuguu hakumalizi mchwa. Sehemu ya kiota inaweza kubaki chini ya usawa wa uwanja, na wafanyakazi wake wanaendelea kutafuta chakula kama kawaida. Tena mchwa wa aina ya Odontotermes na Microtermes mara nyingi wana viota vilivyofichika ardhini bila dalili yoyote juu, kwa hiyo mwenye paseli (kiwanja) anayesema “kwangu hakuna kichuguu” hajasema lolote kuhusu usalama wa milango yake.

Mchwa hao wote hawavumilii jua wala hewa kavu. Kila wanakokwenda hujifunika kwa njia ya udongo, au hupita ndani ya kitu. Zege hawaili, ila ufa wa milimita 0.8, unene wa kadi ya simu, unawatosha walio wadogo. Mapito yao makuu ni machache na mkaguzi mzuri anayajua kwa moyo: pale sakafu inapokutana na ukuta, tundu la bomba la maji na la choo, miguu ya fremu za milango iliyozikwa ndani ya saruji, na ngazi au baraza iliyojengwa baadaye ikaegemezwa ukutani. Kuna pito la tano ambalo hapa kwetu linashinda yote. Nyumba nyingi zina matofali yaliyounganishwa kwa udongo, kisha yakapakwa saruji kwa nje. Mchwa hupanda ndani ya ule udongo kutoka msingi mpaka kwenye mbao zinazobeba mabati, na ukutani huoni hata mstari mmoja. Mwenye nyumba wa namna hiyo akitegemea kuona njia za udongo, ataona mlango ukilegea kwanza.

Kwa sababu hiyo kipimo chetu cha kwanza cha huduma ni muda. Nyumba ya mita 10 kwa 8 haikaguliwi chini ya saa moja na nusu. Mkaguzi anapaswa kufika na tochi kali, turnevisi (bisibisi) bapa, nyundo ndogo, kioo cha mkononi, chaki, mita na ngazi. Akija na pompi peke yake, amekuja kuuza dawa.

Anaanzia nje. Anazunguka msingi wote akisogeza kuni, matofali ya akiba, magunia na makaratasi yaliyoegemezwa ukutani, maana nyuma ya vitu hivyo ndiko njia zinakojengwa. Anaangalia miembe na miparachichi: tabaka la udongo kwenye gome halisemi kwamba mti unakufa, linasema kwamba kundi lipo na linatafuta chakula. Anachokonoa nguzo za uzio sentimita chache chini ya udongo, si juu tu. Kisha ndani: kila fremu ya mlango inagongwa kwa nyundo kuanzia chini hadi usawa wa goti, na inabonyezwa kwa turnevisi. Mbao nzima inalia wazi na chuma kinagoma. Iliyoliwa inatoa sauti ya debe tupu, na turnevisi inazama bila nguvu, kwa sababu mchwa huacha ngozi ya nje nyembamba pamoja na rangi yake. Nyuma ya kabati, chini ya masanduku ya vitabu, kuta za bafu na za jikoni: huko tochi iwekwe ubavuni mwa ukuta, mwanga ukipita sambamba nao. Plasta iliyovimba kidogo au mstari wa unyevu hujitokeza kwa kivuli chake.

Mkaguzi anayejua kazi pia atakwambia pale ambapo tatizo si mchwa hawa. Unga laini kama wa muhogo chini ya tundu dogo la duara ni wa mdudu mwenye kutoboa mbao. Punje kavu ngumu, ndogo kama mchanga, zenye pande sita, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, ambao hawahitaji ardhi kabisa. Kwa hali hizo mbili, kumwaga dawa kwenye udongo ni kuchoma pesa, na huduma inayouza dawa ileile kwa kila dalili tunaikata alama bila huruma.

Kuhusu majira hatubishani na mtu: ziara ya kwanza iwe mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, kabla ya mvua, na ya pili Aprili au Mei, mvua zikikatika. Ziara ya kwanza inakuta ardhi imekauka na mchwa wakivutwa na unyevu wa bafu na wa mabomba yanayovuja, na inatoa nafasi ya kuziba nyufa kabla inswa (kumbikumbi, mchwa wenye mbawa) hawajaruka. Ya pili inaona maji yalikopenya na njia mpya zilizojengwa wakati wa mvua. Inswa kuzunguka taa ya nje baada ya mvua za kwanza si habari, kila mtu anawaokota. Rundo la mbawa ndani ya chumba kilichofungwa, au inswa wakitoka kwenye ufa wa sakafu, hapo piga simu siku hiyohiyo. Wenyewe wana mbawa nne zenye urefu sawa na kiuno kinene. Siafu na sisimizi wenye mbawa wana kiuno chembamba, na mbawa za mbele ni ndefu kuliko za nyuma.

Njia ya udongo ikipatikana, kosa linalofanyika sana ni kuifuta yote kwa ufagio. Mkaguzi mzuri huvunja kipande cha sentimita 5 katikati, anaacha ncha zote mbili, anaandika tarehe kwa chaki kando yake, anapiga picha. Baada ya siku tatu hadi saba anarudi. Ikizibwa, kundi linafanya kazi. Isipozibwa, bado hajathibitisha kwamba wameondoka, huenda wamehamia njia nyingine, basi anakagua mita mbili kila upande. Kontra isiyo na marudio haya tunaiona nusu kontra, maana uamuzi wa kutumia dawa au kutoitumia unategemea jibu hilo.

Sasa dawa, ambako watu wanapunjwa zaidi. Kinga ya udongo huzunguka nyumba kama mkanda usiokatika. Unachimbwa mtaro wa upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 30 kando ya msingi, bila kwenda chini ya kitako chake, na mchanganyiko unamwagwa lita 5 kwa kila mita moja ya mtaro. Udongo unarudishwa ukiwa umechanganywa na dawa pia. Penye zege, mashimo ya milimita 12 yanatobolewa kila sentimita 30, yanajazwa dawa, yanazibwa kwa saruji. Fanya hesabu: nyumba ya mita 10 kwa 8 ina mzunguko wa mita 36, yaani lita 180. Kwa pompi ya lita 16 hizo ni mara kumi na mbili kujaza, ya mwisho ikiwa robo tu. Aliyemaliza kwa pompi mbili ameosha ukuta. Hana haja ya kuwa mwongo ili akudhuru, kwani mkanda wenye mapengo unawafundisha mchwa mlango ulipo. Simama pale na uhesabu.

Hesabu ya dawa yenyewe nayo ifanyike mbele yako, kwenye bidoni, kwa kipimo chenye alama za mililita. Imidacloprid ya gramu 200 kwa lita, ili kupata asilimia 0.05, ni mililita 2.5 kwa lita moja ya maji, sawa na mililita 450 kwa nyumba ile ya lita 180. Fipronil ya gramu 25 kwa lita, kwa asilimia 0.06, ni mililita 24 kwa lita, sawa na lita 4.32. Bifenthrin ya gramu 100 kwa lita, kwa asilimia 0.06, ni mililita 6 kwa lita, sawa na lita 1.08. Chupa iwe imefungwa, na kibandiko kisomeke. Kikitaja kipimo kingine kwa mchwa, fuata kibandiko. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa irudishwe, hata kama bei yake ni nusu. Sisi tunapendelea mbili za kwanza kwa sababu mchwa hawazihisi: wanapita ndani yake na kuipeleka kwa wenzao. Bifenthrin huwafukuza, kwa hiyo inadai mkanda usio na pengo hata moja, na kwenye nyumba ya zamani yenye mabaraza ya kuongezwa mkanda kama huo ni vigumu. Aldrin, dieldrin, chlordane na heptachlor zilipigwa marufuku katika Mkataba wa Stockholm wa 2001. Mtu akikusifia “ile dawa kali ya zamani”, mfungulie geti atoke.

Kisima ni suala la pekee. Paseli nyingi zina kisima kilichochimbwa kwa mkono hatua chache kutoka ukutani. Sisi hatumwagi dawa ya udongo ndani ya mita 15 kutoka kisima, na mkaguzi ambaye hakuuliza kisima kiko wapi kabla ya kufungua chupa hastahili kuendelea. Upande huo zibeni nyufa, ondoeni mbao zinazogusa ardhi, na ukaguzi uwe kila mwezi. Fipronil na bifenthrin huua samaki kwa kiasi kidogo sana, hivyo mabaki na maji ya kuosha pompi yasimwagwe kwenye mfereji.

Oli chafu ya gari hatuipendekezi: haipenyi mbao, mvua inaichuja, na inaishia kisimani. Petroli huua mchwa wachache walio juu na inaweza kuwasha nyumba. Kutoa malkia kunasaidia kwa kichuguu kilicho wazi uwanjani ikiwa chumba chake kimefikiwa kweli, lakini makundi mengine ya Macrotermes huwa na malkia zaidi ya mmoja au huweza kupata mwingine, na hakugusi kabisa Odontotermes walio chini ya nyumba ya jirani. Vyambo vya karatasi vyenye dawa ya kuzuia mdudu asijibadili ngozi vimefaulu sana kwa aina za mchwa wa Marekani na Asia. Mchwa wetu hulima uyoga wa Termitomyces, chakula kinapitia kwanza bustanini, na matokeo yake hayana uhakika uleule. Tusingelipia.

Plafoni, basi. Kontra nyingi hazilitaji kabisa neno hili, na ukaguzi unaishia kwenye usawa wa macho. Wakati huohuo mbao za gharama kubwa zaidi ziko juu, na kwenye nyumba ya matofali yaliyounganishwa kwa udongo ndiko mchwa waliopita ndani ya ukuta wanakotokea. Dai iandikwe: plafoni litafunguliwa angalau sehemu mbili, juu ya bafu na kwenye kona iliyo mbali nalo zaidi, na vichwa vya mbao vilivyolala juu ya ukuta vitachokonolewa kimoja kimoja. Kipande cha plafoni kinachofunguka kwa skurubu nne kinatosha, fundi anakikata kwa asubuhi moja. Mbao za mikaratusi na misonobari ndizo za kuangalia kwanza. Mulombwa unavumilia, lakini ni kiini chake chekundu tu. Ile sehemu nyeupe ya pembeni inaliwa kama mbao nyingine yoyote, na fundi wengi huiacha.

Kuna kazi ndogo ambazo huduma nzuri inazifanya bila kuongeza faktura, na tunaziheshimu: kushusha udongo wa maua ili sentimita 15 hadi 20 za msingi zionekane na kupakwa chokaa nyeupe, kupandisha kuni juu ya vyuma au matofali umbali wa hatua moja kutoka ukutani, kukata mguu wa fremu uliozama kwenye saruji na kuukalisha juu ya jiwe.

Kabla ya kusaini, soma mambo matatu. Mchoro wenye alama na tarehe ubaki kwako, maana ukibadilisha mkaguzi unaanza na historia. Marudio baada ya dawa yawe na tarehe, wiki nne na miezi mitatu, bila malipo mapya. La tatu linasahaulika: mkanda wa dawa hudumu miaka kadhaa pale tu udongo usipoguswa. Ukichimba kupitisha bomba, waya au shimo jipya la choo, umeukata, kwa hiyo kontra iseme nani atajaza zile lita tano kwa mita, na ndani ya siku ngapi.