Kasuku wa ulimbo na kasuku wa tunduni

Tuseme unachagua kasuku wa kufuga kati ya hawa wawili. Wote ni kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu. Wa kwanza alinaswa kwa ulimbo katika misitu ya Kongo. Ukilikaribia tundu lake ananguruma na kujibana pembeni. Hiyo si jeuri, ni hofu. Tangu 2017 CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini, na hata ukimnunua kwa huruma, mnasaji atarudi msituni kutafuta mwingine.

Wa pili alizaliwa tunduni, akalishwa kwa mkono. Huyu hukuinamia umkune kichwa, na akikutapikia chakula usikasirike: amekufanya mwenzi wake. Hapo ndipo pagumu. Porini mwenzi haondoki asubuhi akarudi jioni. Akiachwa peke yake hupiga makelele, wengine hujinyonyoa manyoya mpaka kifua kikabaki kitupu, naye aweza kuishi miaka 40 na zaidi.

Mimi ningemchukua huyu wa pili, kibali cha kumfuga kikiwa mkononi, tena awe yule aliyekwisha kuachwa na mwenyewe wa kwanza. Kifaranga wa kuagiza, hapana.