Exact Audio Copy: muda unapotelea wapi unaponakili CD

Nahamishia CD zangu za muziki kwenye kompyuta kwa Exact Audio Copy (EAC), programu ya bure ya Windows iliyoandikwa na Andre Wiethoff. Wengi wanailaumu kuwa ni nzito. Mimi nasema si nzito: inakagua mno hata pasipo na haja. Ukijua inakagua nini, diski iliyokuwa ikikula robo saa inamalizika kwa dakika nne au tano, na sauti haipungui hata chembe.

Katika hali ya "Secure", kila kipande cha data chenye baiti 2352 husomwa angalau mara mbili. Majibu yakipishana, EAC hurudia kwa mafungu ya mara 16 hadi majibu nane yafanane. Ukichagua kiwango cha juu cha kurekebisha makosa, kipande kimoja kibovu kinaweza kusomwa mara 82, na sekunde moja ya muziki ina vipande 75. Ndiyo maana mkwaruzo mmoja unakwamisha wimbo mzima huku taa nyekundu zikiongezeka kwenye dirisha la kunakili.

Kinachochelewesha hata diski safi ni kisanduku cha "Drive caches audio data". Kikiwa na tiki, EAC humwaga kwanza kumbukumbu ya muda ya kiendeshi (kifaa kinachosoma CD) kabla ya kusoma mara ya pili, la sivyo kiendeshi kitarudisha jibu lile lile la mwanzo bila kuigusa diski. Kama kiendeshi chako hakihifadhi sauti, tiki hiyo ni hasara tupu. Acha programu yenyewe ikichunguze kiendeshi, kwa CD ya kiwandani isiyo na mikwaruzo.

Ninachofanya mimi ni kuanza na "Burst" pamoja na AccurateRip. Burst husoma mara moja tu, mfululizo, na peke yake siiamini. AccurateRip, hifadhidata ya mtandaoni, hulinganisha ulichopata na walichopata watu wengine waliokwisha kunakili toleo lile lile. Mkifanana, hakuna cha kurudia. Nyimbo zilizokataa tu ndizo nazipeleka kwenye Secure. Ila mwanzoni lazima uingize CD inayojulikana sana, ili programu ipime kiendeshi chako kinaanza kusoma mbele au nyuma kwa kiasi gani. Bila kipimo hicho hakuna ulinganisho.

CD za taarab na za dansi zilizouzwa madukani kwetu mara nyingi sizikuti AccurateRip, na zile zilizochomwa mitaani ndiyo kabisa. Kwa hizo nabaki na Burst lakini nabonyeza Shift na F6: wimbo unasomwa wote mara mbili, kisha namba za CRC (namba za ukaguzi zinazokokotolewa kutokana na data iliyosomwa) zinalinganishwa. Wimbo wa dakika nne una takriban MB 42, wakati kumbukumbu ya kiendeshi kwa kawaida haizidi MB chache, kwa hiyo usomaji wa pili unatoka kwenye diski kweli. Kosa linalojirudia vile vile mara zote mbili linaweza kupita, kwa hiyo wimbo wenye shaka usikilize.

Usishtuke nyimbo za kwanza zikienda polepole. CD huanza kusomwa kutoka katikati, na kiendeshi cha 48x (mara 48 ya kasi ya kusikiliza) huko ndani hakifiki hata nusu ya kasi hiyo. Inapanda kadiri kinavyokwenda ukingoni. Viendeshi vyembamba vya USB mwisho wao ni 24x. Vichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, maana kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake vinakosa nguvu, vinapunguza mzunguko na kuanza tena.

Diski ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe: mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu data nyingi iliyo mfululizo, na huo ndio mgumu kurekebishika. Kubana faili kwenda FLAC (muundo unaopunguza ukubwa wa faili bila kupoteza sauti) hakucheleweshi chochote kwa kompyuta za sasa, mradi uruhusu kubana kuendelee chini kwa chini huku wimbo unaofuata ukisomwa.

Kasoro ya EAC ni mipangilio iliyotawanyika kwenye madirisha mengi, kiasi kwamba mgeni hukata tamaa mapema. Wenye Mac watumie XLD, wa Linux whipper. Zote mbili zinalinganisha na AccurateRip.