Seti ya sabuni ya maji ya lita 20: asidi ni nzuri, kipimo cha soda ndicho kibovu

Ukiingia maduka ya kemikali ya Kariakoo ukauliza malighafi za sabuni ya maji, utapewa mfuko mmoja uliokwisha kufungwa: asidi ya salfoniki kilo 1, slesi ya kuongeza povu nusu kilo (Kenya wengi huiita ungarol), soda ashi, yaani sodiamu kabonati, robo kilo, chumvi nusu kilo, CMC ya kuongeza uzito, grisalini kidogo, rangi, pafyumu, kichupa cha fomalini ya kuzuia sabuni isiharibike na karatasi ya maelekezo. Vipimo hutofautiana kidogo duka hadi duka, lakini mpangilio ni huo huo. Tunachokadiria hapa ni seti yenyewe, si duka lolote.

Tuseme mapema: seti inafaa kununuliwa, karatasi yake haifai kufuatwa. Kilichomo kwenye asidi na slesi kina thamani ya pesa. Kinachoharibu sabuni za watu ni soda kumiminwa yote bila kupima, na mambo kufanywa kwa mpangilio usio sahihi.

Asidi kwanza, maana ndiyo roho ya sabuni hii. Kiwandani hutokana na alkilibenzini, yaani pete ya benzini yenye mkia wa kaboni 10 hadi 13, inayokutanishwa na gesi ya salfa trioksidi. Salfa inaing'oa haidrojeni moja kwenye pete na kukaa mahali pake. Matokeo ni kimiminika kizito cha kahawia, na kinachouzwa kwa kawaida kina usafi wa asilimia 96. Mkia wake huwa umenyooka. Ile ya zamani yenye mkia wa matawi ilianza kuachwa Ulaya na Marekani miaka ya 1960 kwa sababu bakteria walishindwa kuimeng'enya, mito ikajaa povu. Asidi nzuri humiminika polepole kama asali. Ikitiririka kama maji, shuku kuwa imechakachuliwa. Ikiwa nyeusi tii, ama ilizidishiwa salfa kiwandani ama imekaa sana dukani; bado itatoa povu, ila sabuni yako ya limau itakuwa na rangi ya chai.

Macho peke yake hayatoshi, kwa hiyo fanya jaribio dogo kabla ya kugusa ndoo kubwa. Unahitaji mizani ya jikoni ya dijitali na karatasi za kupimia pH, namba inayoonyesha asidi au soda imezidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni soda. Yeyusha gramu 10 za soda ashi kwenye gramu 90 za maji. Kwenye chombo kingine cha plastiki, changanya gramu 10 za asidi na nusu lita ya maji mpaka mabonge yote yaishe. Pima chombo cha soda kabla, kisha mwagia asidi maji ya soda kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka karatasi isome 7 hadi 8, halafu pima chombo tena. Asidi ya asilimia 96 itakula gramu 16 hadi 17 hivi za maji hayo ya soda, sawa na gramu 1.6 hadi 1.7 za soda kavu. Zidisha kwa 100: kilo moja ya asidi inahitaji gramu 160 hadi 170 za soda ashi. Ikitulia kwenye gramu 12 tu, umeuziwa asidi iliyochakachuliwa, na sasa unajua ni kwa kiasi gani.

Ulinganishe na robo kilo iliyomo kwenye mfuko. Karatasi inasema imwagwe yote. Asidi ikishazimwa, yaani ukali wake ukishamalizwa na soda, kuna gramu 80 au zaidi za soda zinazobaki bila kazi, na pH ya ndoo inapanda mpaka 10 na kuzidi. Hiyo ndiyo sabuni inayokausha mikono ya mama lishe mpaka ngozi inapasuka, kisha lawama inaangukia asidi ambayo ilishazimwa zamani. Grisalini ya kwenye seti, vijiko vitatu katika lita 20, haiwezi kuficha kosa hilo.

Kosa la upande wa pili huja pale muuzaji anapokosa soda ashi akakupa magadi ya mawe ya kupikia. Magadi hayo, kama yanayotoka Ziwa Natron na Ziwa Magadi, ni kabonati na baikabonati zilizoshikana pamoja na maji ndani yake, kwa hiyo uzito uleule unazima asidi pungufu. Hata yakiwa safi kabisa utahitaji kama gramu 240 badala ya 170, na hayawi safi. Yana udongo na chumvi ya kawaida. Ukiyatumia bila kupima, sabuni inabaki na asidi. Utaijua: mikono inawasha, sufuria za alumini zinapoteza mng'ao, na sakafu ya terazo inaanza kuchubuka, kwa maana terazo ina kalsiamu kabonati na asidi yoyote huila.

Ukikosa karatasi za pH, maji ya choya yaliyochemshwa na kupoa yanasaidia. Weka matone machache kwenye kijiko cha sabuni ambayo bado haijatiwa rangi: wekundu maana yake asidi bado ipo, zambarau ni karibu na katikati, kijani ni soda imezidi. Hayakupi namba, lakini yanakuzuia kuuza sumu ya ngozi.

Sasa mpangilio. Karatasi nyingi zinaelekeza slesi ikorogwe na chumvi, asidi imwagwe juu yake, maji yafuate, soda iwe ya mwisho. Kuna sababu ya kikemia ya kuukataa mpangilio huo. Kwenye asidi ya salfoniki, salfa imeshikana moja kwa moja na kaboni ya pete, na kiungo hicho hakiogopi asidi. Kwenye slesi, salfa imeshikana na mkia kupitia oksijeni. Ni esta, na esta ya namna hii huvunjwa na maji yenye asidi, hasa yakiwa ya moto. Ikivunjika inatoa pombe ya mafuta isiyotoa povu pamoja na asidi zaidi, ambayo inaendelea kuvunja iliyobaki. Dakika chache kwenye maji baridi hazileti maafa. Lakini ndoo iliyoachwa na asidi kwa muda mrefu, hasa penye joto, inaweza kuwa nyepesi na yenye povu haba.

Kwa hiyo zima asidi kwanza, slesi baadaye. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 40 au 50, si ya 20. Weka maji lita 15 na mimina asidi kidogo kidogo ndani ya maji, si kinyume chake, ukikoroga kwa mwiko wa mbao au plastiki. Itajikunja kuwa nyuzi na madonge ya kahawia; vumilia, yatayeyuka. Yeyusha gramu 170 za soda, au kiasi ulichopata kwenye jaribio, katika lita moja ya maji, uiingize kwa mafungu madogo. Hapa ndipo ndoo ndogo zinapofurika: kilo moja ya asidi ikizimwa kwa soda ashi hutoa karibu lita 40 za hewa ya ukaa, na hewa hiyo yote inapita ndani ya kitu ambacho kazi yake ni kutoa povu. Subiri kila fungu litulie.

Bakisha sehemu ya kumi ya maji ya soda. Usiimimine upesi kwa kuona karatasi inasoma 6. Sehemu ya hewa ya ukaa bado imeyeyuka ndani na inashusha pH. Ikitoka, namba inapanda yenyewe. Acha saa mbili, koroga taratibu, pima upya, ndipo uamue kama soda iliyobaki inahitajika. Wengi huzidisha soda hapa kwa haraka tu.

Baadhi ya seti huja na kostiki soda (sodiamu haidroksidi) mahali pa soda ashi. Si mbaya, na haitoi gesi, ila kipimo hushuka hadi gramu 125 hadi 135 kwa kilo ya asidi, na makosa yake ni makali zaidi kwa kuwa gramu 30 zilizozidi zinaunguza kweli. Iyeyushe kwanza kwenye maji baridi na uiache ipoe. Vipande vikavu vikiangukia asidi isiyo na maji vinachemka na kurusha matone usoni.

pH ikishakaa kati ya 7 na 8, leta slesi. Ile ya asilimia 70 ni uji mzito sana usiomiminika kirahisi. Ikimiminika kirahisi, umepewa iliyokwisha kupunguzwa. Usiiongezee maji kidogo kidogo, maana kabla ya kuyeyuka inapita hatua ya jeli ngumu inayogoma kabisa. Itie yenyewe, vipande vidogo vidogo, ndani ya maji mengi. Desturi ya kuikoroga na chumvi mpaka iwe nyeupe inarahisisha kazi, hatubishi, lakini inakunyang'anya kitu cha maana zaidi, uhuru wa kupima chumvi mwishoni.

Chumvi huifanya sabuni iwe nzito hadi kiwango fulani, kisha ukiipita inaifanya nyepesi na yenye ukungu. Anza na gramu 200 zilizoyeyushwa kwenye maji, ongeza 50 kila mara, simama ikiwa bado inazidi kuwa nzito. Nusu kilo ya kwenye seti mara nyingi inavuka kilele, hasa kwa anayetumia maji ya kisima cha pwani ambayo tayari yana chumvi. Ikishavuka, usiongeze kitu kingine ila maji. Maji magumu yana balaa jingine: kalsiamu huikamata sabuni ya salfoniki na kuishusha chini kama vumbi jeupe. Maji ya mvua ni bora.

CMC ilowekwe tangu jana yake kwenye lita mbili za maji ya uvuguvugu, ikinyunyizwa taratibu huku ukikoroga. Ikitupwa kavu ndani ya ndoo inafanya mabonge ambayo nje yameshika ute na ndani ni unga mkavu. Rangi na pafyumu ni za mwisho, na pafyumu isizidi mililita 60 hadi 100. Ni mafuta, ikizidi inavunja uzito uliouhangaikia.

Nguvu ya sabuni inayopatikana ni kama asilimia 6 ya viambata vya kusafishia. Kwa sakafu, choo na vyombo vya kawaida inatosha. Kwa sufuria za chipsi ni dhaifu. Punguza maji yote hadi lita 14 ukaribie asilimia 9, na usimwambie mteja ni ileile.

Fomalini tungeitoa kabisa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mtu anayeimimina chumbani bila dirisha anaivuta moja kwa moja. Sodiamu benzoeti inayopendekezwa badala yake haisaidii: inafanya kazi kwenye asidi, chini ya pH 5 hivi, na sabuni yetu iko juu ya 7. Ulizia kihifadhi cha jamii ya isothiazolinoni, fuata kipimo cha kwenye lebo, na kitie sabuni ikiwa imepoa na pH haijavuka 8. La sivyo tengeneza kiasi kinachoisha ndani ya wiki chache.

Ufungaji ndio unaotufanya tuishie nyota tatu kati ya tano. Asidi inayounguza ngozi inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo, bila alama ya hatari, kwenye mfuko mmoja na grisalini. Ukifika nyumbani ihamishie kwenye dumu nene la plastiki, andika jina kwa kalamu isiyofutika, weka juu watoto wasikofika. Vaa glavu na miwani. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 hadi 20; usipake soda wala mafuta.

Ukiweza, acha seti na ununue vitu rejareja: asidi kilo 1, slesi ya asilimia 70 nusu kilo, soda ashi robo, CMC gramu 60. Chumvi unayo jikoni. Pesa iliyobaki inunulie karatasi za pH.