Sukari za "afya": ipi ya kununua Tabora, ipi ya kuiacha rafuni

Ingia duka la dawa lolote Tabora mjini uulize kitu cha kuongeza nguvu. Uwezekano mkubwa utatoka na sukari mkononi. Inaweza kuwa kopo la glukosi, chupa ya asali, pakiti ya tende, au kama siku hiyo umekutana na mtu wa "biashara ya mtandao", unga mweupe ambao bei yake inakufanya uulize mara mbili kama umesikia vizuri.

Nimezipanga kwa kigezo kimoja: hela yako inanunua kazi gani ambayo sukari ya kilo ya dukani haiwezi kuifanya? Kuna mbili tatu zinazojibu vizuri. Zilizobaki ni sukari ile ile iliyovishwa suti.

Namba 1: ORS

Ni ile pakiti ya sukari na chumvi inayochanganywa na maji kwa anayeharisha. Watu wengi hawaihesabu kama sukari, lakini ndiyo sukari yenye kazi kubwa kuliko zote katika orodha hii, na ni ya bei ndogo kupita zote. Fomula ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2002 ina gramu 13.5 za glukosi kwa lita moja ya maji, pamoja na chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti gramu 2.9. Ujanja uko kwenye utumbo mwembamba: glukosi na sodiamu hupita mlango mmoja zikiwa pamoja, na maji huzifuata. Ndiyo maana mtoto anayeharisha hupata maji mwilini hata kama kuhara hakujakoma.

Ukizidisha sukari, mambo yanageuka. Maji yanavutwa kutoka mwilini kuingia tumboni na kuhara kunaongezeka. Kwa hiyo soda, juisi ya pakiti au glukosi tupu ya kopo havichukui nafasi ya ORS, hata kama bibi wa jirani ameapa.

Unaponunua, soma kitu kimoja: pakiti ni ya maji kiasi gani? Kuna za lita moja, na kuna ndogo za nusu lita au za mililita 200. Mama anayemimina pakiti ya lita kwenye kikombe kimoja anampa mtoto chumvi kali. Ikishachanganywa inakaa saa 24 tu, kisha mwaga. Kwa mtoto, omba na zinki hapo hapo: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Pakiti zikikosekana kabisa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji salama, vinakuvusha hadi ufike zahanati. Jirani zetu wa Kigoma hawahitaji kufundishwa. Kipindupindu cha 2015 kule Kagunga, wakati wakimbizi wa Burundi walipojazana ufukweni, kiliwaonyesha thamani ya vipakiti hivi.

Namba 2: Asali, ukijua unachonunua

Hapa ndipo Mnyamwezi anaponyanyua shingo, na ana haki. Miombo ya Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui inatoa asali inayotafutwa mbali, na chuo cha ufugaji nyuki kipo hapa hapa mjini. Lakini sifa ya asali ya Tabora ndiyo inayofanya ichakachuliwe.

Kwanza tuseme inafanya nini. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80. Fruktosi (sukari ya matunda) inaongoza, glukosi inafuata, maji ni kama asilimia 17 au 18. Vitamini zimo kwa kiasi kidogo mno, usiinunue kwa ajili hiyo. Kazi yake iliyothibitika vizuri ni kutuliza kikohozi cha mafua, kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja. Aliye chini ya mwaka asionje kabisa, hata ya kupakwa kwenye ulimi, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo la kichanga haliwezi kuzizuia. Hili halina mjadala wa mila. Kuhusu vidonda: asali inayotumika hospitalini kwa kazi hiyo ni ile iliyosafishwa kwa mionzi, siyo ya chupa ya sokoni.

Kijiko kimoja cha chakula ni kama gramu 21, na ndani yake kuna sukari gramu 17 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaihesabu asali pamoja na sukari nyingine za kuongezwa, na linapendekeza mtu mzima abaki karibu na gramu 25 kwa siku akiweza, asizidi 50. Vijiko viwili asubuhi kwenye maji ya uvuguvugu, "kwa afya", na umeshapita ile 25 kabla ya chai. Mwenye kisukari asidanganywe na neno "asilia": inapandisha sukari ya damu, pungufu kidogo tu ya sukari ya kawaida.

Sasa manunuzi. Majaribio ya mtaani ni mengi na karibu yote hayana maana. Kiberiti kilichochovywa kikawaka kinakwambia kwamba maji ni machache, basi. Shira nzito nayo itawaka. Wanaosema sisimizi hawagusi asali halisi hawajawahi kuacha sahani ya masega wazi usiku. Kutua chini ya glasi ya maji bila kuyeyuka? Shira nzito nayo inatua.

Mizani inasaidia zaidi. Lita moja ya asali iliyokomaa ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Chukua chupa ya nusu lita, weka alama kwa kalamu, jaza maji hadi alamani, pima, toa uzito wa chupa: gramu 500. Ikaushe vizuri, jaza asali hadi alama ile ile. Inatakiwa ikaribie 700. Ikisoma 650, umeuziwa maji ndani yake. Shira iliyopikwa ikawa nzito itapenya mtihani huu, sikatai, lakini ya wachakachuaji wavivu, ambao ndio wengi, inakamatwa pale pale kaunta.

Mizani hiyo hiyo inakulinda na mchezo wa bei. Mmoja anakutajia bei ya kilo, mwingine ya lita, nawe unaona wa kilo ni rahisi. Tuseme kilo ni shilingi 10,000 na lita ni 13,000: wa lita ndiye nafuu, kwa sababu kwa bei ya yule wa kilo lita ingefika 14,000. Ukinunua ndoo ya lita 20 tofauti hiyo inalipa nauli yako kutoka Sikonge.

Ikiganda usiitupe wala usimtukane muuzaji. Ni glukosi inayojitenga na kufanya chenga, na asali halisi hufanya hivyo. Weka chupa kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, itarudi. Usiibandike jikoni. Cha kuogopa ni povu juu, harufu ya uchachu na chupa iliyovimba: hiyo ililinwa kabla nyuki hawajafunika masega, maji yamepita asilimia 20 na imeanza kuwa pombe. Harufu ya moshi ni kosa la mlinaji aliyetumia moto mwingi; haikudhuru ila inapoteza ladha, na ni sababu nzuri ya kuomba apunguze bei. Rangi nyeusi peke yake haisemi lolote, maua ya porini yana rangi zao.

Zile chupa zinazopunga dirishani treni ikisimama, mimi siziungi mkono. Huna mizani, huna muda wa kuonja, na muuzaji anajua treni itaondoka. Nunua kwa mfugaji anayekuonyesha masega yake au kikundi chenye kibandiko cha mahali, tarehe na alama ya TBS, hasa msimu wa kulina baada ya mvua kuisha.

Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni habari nyingine. Ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na bei yake imepaa. Kipimo changu cha mizani usikitumie kwake, maji yake ni mengi kwa asili. Watafiti walionyesha mwaka 2020 kwamba asali ya nyuki wasiouma wa Australia, Malaysia na Brazili ina sukari iitwayo trehalulosi, ambayo huingia kwenye damu polepole. Hiyo inavutia, ila haijaifanya kuwa dawa ya macho, ya vidonda vya tumbo na ya nguvu za kiume kwa pamoja, kama anavyokuhubiria muuzaji. Nunua kama unapenda ladha.

Namba 3: Glukosi ya kopo

Anayekwenda kumwona mgonjwa hospitali ya Kitete bila glukosi mkononi anajiona kama hajaenda. Ni desturi nzuri ya upendo. Ila ndani ya kopo ni sukari inayoingia damuni haraka kuliko zote, na chembe za vitamini au madini zilizotajwa ubavuni. Mgonjwa mwenyewe akiwa na kisukari, zawadi yako inaweza kumrudisha wodini.

Anayehitaji kopo hili kweli ni mtu anayechoma insulini au kumeza dawa za kisukari, ambaye sukari hushuka ghafla: anatetemeka, jasho linamtoka, anachanganyikiwa. Akiwa anaweza kumeza, gramu 15 zinamtosha, kisha anasubiri dakika 15 na kupima tena. Vijiko vinne vya chai vya sukari ya kawaida kwenye maji vinafanya kazi karibu ile ile, kwa hiyo usijilaumu kama kopo limeisha. Mwanafunzi wa mtihani na mchezaji wa jioni hawana sababu ya kulinunua. Uji wa mtoto nao hauhitaji, weka karanga.

Namba 4: Tende, sukari guru na sukari ya rangi

Kati ya hizi, tende zinashinda kwa sababu zina nyuzinyuzi na unazitafuna, huwezi kuzinywa kwa mkupuo. Sukari guru ina ladha nzuri na madini kidogo sana. Ili upate madini ya chuma ya maana itabidi ule kiasi cha kukuletea shida nyingine. Sukari ya rangi ya kahawia ni sukari yenye utando mwembamba wa molasi. Anayekutoza zaidi kwa jina la afya, mpite.

Namba 5: Fruktosi na D-manosi

Fruktosi ya pakiti huuzwa kama "sukari ya wenye kisukari" kwa sababu haipandishi sana glukosi ya damu. Kazi yote inahamia kwenye ini, na ikitumika kwa wingi inapandisha mafuta ya damu. Punguza utamu wa chai badala yake.

D-manosi, sukari nyingine ya unga, inatangazwa kwenye simu za dada zetu kwa "UTI sugu". Jaribio kubwa la Uingereza lililotoka 2024 liliwafuata wanawake 598 waliokuwa wakipata UTI mara kwa mara. Gramu 2 kila siku kwa miezi sita hazikuwa na tofauti na unga wa kudanganyishia usio na D-manosi. Hela hiyo ipeleke maabara ukapime mkojo na kuoteshwa kimelea, ujue dawa ipi inamuua.

Mkiani: Unga wa "sukari nane"

Huu ndio ule unga mweupe wa "biashara ya mtandao". Hoja ya wauzaji wake inasikika kisayansi: seli huwasiliana kwa sukari nane, chakula cha siku hizi kimezipoteza, nunua kopo. Nusu ya kwanza ni kweli. Ya pili siyo, kwa sababu mwili hutengeneza zote kutokana na glukosi ya ugali wako. Ni wachache mno, waliozaliwa na hitilafu adimu za kurithi, wanaohitaji kupewa manosi kama tiba, na hao wako chini ya daktari bingwa. Tena sehemu kubwa ya unga wa aina hii hutokana na gamu za mimea kama mshubiri, ambazo tumbo letu haliwezi kuzivunja ziwe sukari hizo. Bakteria wa utumbo ndio wanaozila. Kampuni ya Mannatech ya Texas, iliyovuma kwa bidhaa hii, ilishtakiwa na mwanasheria mkuu wa jimbo hilo mwaka 2007 kwa madai ya uponyaji yaliyoenezwa na wauzaji, na kesi ikaisha kwa makubaliano 2009, ikiwa ni pamoja na kurudishia wateja dola milioni 4.

Kama kopo tayari liko kabatini, haliwezi kukuua. Mwenye kisukari asome gramu za wanga ubavuni na kuzihesabu kwenye mlo wake. Lakini anayekuuzia akikwambia uache dozi ya kisukari, presha au ARV kwa sababu ya unga huu, mpe kalamu aliandike hilo kwa mkono wake na aweke sahihi na namba ya simu. Utaona atakavyokumbuka ghafla kuwa ana kikao Nzega.