Oili ya giaboksi ya otomatiki: kusukuma kwa mashine au kumwaga kidogo kidogo?

Gari lililopita kilomita 200,000, linalosota juani kwenye foleni ya feri ya Likoni, huchosha oili ya giaboksi mapema, maana joto ndilo adui wake mkubwa.

Mashine hutoa karibu oili yote, hata iliyobaki kwenye toki konvata (kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa oili) na mabomba ya kupozea. Lakini msukumo wake waweza kung'oa uchafu wa miaka na kuupeleka kwenye vali bodi, yenye vijia vyembamba vya oili vinavyobadilisha gia. Gari la mtumba nisilojua lilivyotunzwa silipeleki huko.

Kumwaga kwa nati ya chini hutoa thuluthi hadi nusu tu, kwa hiyo endesha wiki kadhaa kisha urudie. Ni polepole, ila naipenda kwa sababu moja kubwa: fundi akifungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, utaiona sumaku inayonasa chembe za chuma. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma vinakwambia giaboksi inajila, na oili mpya haitaiponya. Filta nayo ibadilishwe hapo hapo.

Njia yoyote utakayochagua, tia oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Giaboksi ya CVT, ile ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, ina oili yake, usikubali fundi atie ya kawaida.